Nani aliwachochea askari wa Lanet?

Kuna sentensi moja ambayo nimekutana nayo mara nyingi katika insha na tasnifu za wanafunzi wa historia: "Mnamo Januari 1964 askari wa Lanet walichochewa wakaasi." Kisarufi sentensi hii haina kasoro. Kiima kipo, kitenzi kipo, na upatanisho wa ngeli u sawasawa. Lakini kila ninapoisoma najiuliza swali lile lile: walichochewa na nani? Mwandishi hasemi. Ukigeuza ukurasa unakuta askari hao hao "walishawishiwa", kisha "walifitiniwa", halafu mwishoni "walichokozwa", kana kwamba vitenzi hivyo vinne ni mashati ya mtu mmoja anayebadilisha tu ili asionekane na la jana.

Leo, msomaji wangu, nataka tuvitenganishe vitenzi hivi. Si kwa sababu mwalimu wa Kiswahili hupenda kusumbua watu kwa vitu vidogo, la. Kila kimoja kati ya vitenzi hivyo kina mkosaji wake. Anayevitumia ovyo hutoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa, na katika nchi yetu hukumu za namna hiyo zimewapeleka watu gerezani, na wengine kaburini.

Tuanze na tukio lenyewe. Mimi ni mkazi wa Lanet, sehemu unayoifikia kabla ya kuingia mjini Nakuru ukitokea Nairobi. Maelfu ya watu hupita hapa kila siku wakiwa ndani ya matatu na mabasi, na wengi huijua kambi ya jeshi kwa ua wake tu. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wiki sita tu baadaye, jioni ya tarehe 24 Januari 1964, askari wa Bataliani ya 11 ya Kenya Rifles waliokuwa katika kambi hii waliasi. Jana yake tu, kwa namna ya kusema, walikuwa Keya, askari wa mfalme wa Uingereza. Bendera ilibadilika, jina la kikosi likabadilika, lakini mshahara ulikuwa ule ule na makamanda wao walikuwa bado Waingereza.

Hawakuwa wa kwanza. Tarehe 12 Januari mapinduzi yalikuwa yametokea Zanzibar. Tarehe 20 Januari askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na kesho yake wenzao wa Tabora wakafuata. Tarehe 23 Januari ikawa zamu ya Jinja, Uganda. Lanet ilikuwa ya mwisho katika mlolongo huo. Waziri Mkuu Jomo Kenyatta aliomba msaada wa wanajeshi wa Uingereza ambao walikuwa bado nchini, nao wakaizingira kambi na kuyazima maasi. Nyerere na Obote nao waliomba msaada huo huo katika nchi zao. Baadaye wanajeshi 43 wa Lanet walifikishwa mbele ya mahakama za kijeshi, na Bataliani ya 11 ikavunjwa. Askari ambao wapelelezi hawakuwapata na hatia waliundiwa kikosi kipya, Bataliani ya 1 ya Kenya Rifles.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa turudi kwenye vitenzi, tukianza na kile kinachotumiwa kuliko vyote: chochea.

Kitenzi hiki kimezaliwa jikoni. Kuchochea ni kusukuma kuni ndani ya mafiga, au kuzigeuza, ili moto uliokuwa unafifia upate nguvu. Ndiyo maana mama akiwa jikoni humwambia bintiye, "Hebu chochea huo moto," asiseme "washa". Kuwasha ni kuleta moto mahali ambapo haukuwapo. Kuchochea ni kuongeza nguvu ya moto ambao tayari upo. Maana hii ya msingi haijafa hata tunapokitumia kitenzi kwa njia ya sitiari. Tunasema kuchochea chuki, kuchochea ugomvi, hata kuchochea maendeleo na kuchochea ari ya kusoma. Katika matumizi yote hayo kuna kitu kilichokuwa kikiwaka chini kwa chini kabla mchochezi hajafika.

Cha pili ni chokoza. Umbo lake linatukumbusha chokoa na chokora, vitenzi vya kuchimbachimba tundu au pembe kwa kijiti. Hata watoto wa mitaani tuliwaita chokoraa kwa sababu ya kuchokora mapipa ya taka, jina la dharau ambalo ingekuwa heri tungeliacha. Kuchokoza ni kumdungadunga mtu aliyetulia mpaka apandwe na hasira. Methali isemayo usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe, inamwonya mchokozi hasa. Wenzetu wa Tanzania wamekilainisha kitenzi hiki: kwao mtu anayefungua mazungumzo katika kongamano huitwa mchokoza mada. Lakini hata huyo anajua kwamba mishale ya maswali itamrudia yeye.

Cha tatu ni fitini, pamoja na ndugu yake fitinisha. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na katika lugha hiyo maana ya kale ilihusu kuyeyusha dhahabu motoni ili kuipima kama ni safi. Kutoka hapo ikaja maana ya majaribu, kisha ya mfarakano. Katika Kiswahili kufitini ni kupeleka neno la uongo au la siri baina ya watu waliokuwa wakipatana mpaka wagombane. Chonganisha na gombanisha yanakaa karibu sana na hili. Viangalie viambishi vyake: -an- ni cha kutendana, -ish- ni cha kusababisha. Sarufi yenyewe inadai wawepo wawili watakaokabiliana, na wa tatu atakayewasababisha. Huyo wa tatu ndiye kunguru wa ile methali ya vita vya panzi.

Cha nne ni shawishi. Hiki nacho kilitoka kwenye Kiarabu, kikiwa na fununu za kuvuruga na kutatiza, lakini leo maana yake kuu ni kumvuta mtu kwa maneno akubali jambo. Anayeshawishiwa si lazima awe na hasira yoyote. Mwenye duka hukushawishi ununue, mchumba humshawishi mwenzake wafunge ndoa. Karibu naye yupo hamasisha, anayesimama upande wa sifa. Na hapa siasa zetu huchekesha kidogo: kiongozi wetu huwahamasisha watu, ilhali yule wa upande wa pili, akisema maneno yale yale, ati anawachochea.

Msomaji anaweza kutumia kipimo kimoja rahisi. Auliza: hasira inaelekea wapi? Ukimchokoza mtu, hasira yake inakurudia wewe. Ukimchochea, hasira yake inamwendea mtu mwingine, na aghalabu alikuwa anaihisi tangu zamani. Ukiwafitini watu, hasira inakwenda pande zote mbili huku wewe umejificha. Ukimshawishi, huenda hasira isiwepo kabisa. Watu wa kawaida hawahitaji profesa kuwafundisha haya. Panda matatu ya kutoka mjini kuja Free Area uwasikilize. Kondakta akimdhihaki abiria mzee kuhusu nauli, utasikia, "Wewe kijana, wacha kumchokoza mzee wa watu." Abiria mwingine akidakia, "Mzee, usikubali, hata jana walituongezea," huyo sasa anachochea, na kondakta atamwambia hivyo waziwazi. Katika gari zima hakuna atakayevichanganya vitenzi hivyo viwili. Sisi wasomi ndio tunaovichanganya.

Kiingereza nacho kina ukoo wake wa vitenzi vya aina hii, na kila kimoja kina picha yake. "Instigate" kimetoka kwenye neno la Kilatini la kumdunga mnyama kwa fimbo yenye ncha ili aende. "Provoke" asili yake ni kumwita mtu atoke nje. "Foment" kinatokana na kupasha joto, kama unavyokanda kidonda kwa kitambaa cha maji moto. "Incite" ni kusukuma kitu kianze kwenda. Na "stir up" ni picha ya chungu na mwiko: unakoroga, na mashapo yaliyokuwa yametulia chini yanapanda juu. Mfasiri wa Kiswahili anapokutana na vitenzi hivi, mara nyingi huviandika vyote kwa neno moja, kuchochea. Fimbo, mwito, kitambaa cha moto na mwiko vyote vinageuka kuni.

Kwa askari wa Lanet jambo hili halikuwa la kinadharia. Keya walikuwa watu wa makabila mengi, na Kiswahili cha kambini kiliwaunganisha tangu zama za vita vikuu. Malalamiko yao waliyajadili kwa Kiswahili na kwa lugha zao za mama. Sheria za jeshi, hata hivyo, zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza.

Hebu basi tuvijaribu vitenzi vyetu vinne juu ya tukio lenyewe, kimoja baada ya kingine.

Je, walifitiniwa? Siku zile za Januari, kukiwa na mapinduzi Zanzibar na Vita Baridi duniani, wapo waliotafuta mkono wa mgeni, hususan wa wakomunisti. Kitenzi fitini kinamfaa sana mtu mwenye shaka hiyo, kwa sababu kinamtaka mtu wa tatu aliyejificha. Lakini mwanahistoria Timothy Parsons, katika kitabu chake cha 2003 kuhusu maasi ya majeshi ya Afrika Mashariki, anatueleza habari hii kwa kuanzia ndani ya kambi: mishahara, vyeo, na nafasi ya askari katika nchi iliyokuwa imepata uhuru. Kwa maelezo hayo, wa tatu hahitajiki.

Je, walishawishiwa na wenzao wa Colito na Jinja? Hapana shaka habari ziliwafikia. Askari hao walikuwa wametoka katika jeshi moja, na redio zilikuwepo. Lakini kuona mwenzako amedai haki yake akasikizwa, ukaamua kudai yako, hakuitwi kushawishiwa. Kiswahili kina neno lake: kuiga. Mwenye kuigwa hahitaji kumwambia lolote mwenye kuiga.

Je, walichokozwa? Hapa naona kitenzi kinaanza kugusa ukweli. Jioni ile ya tarehe 24 askari wa vyeo vya chini walikuwa wakitarajia hotuba ya Waziri Mkuu, wakitumaini kusikia habari ya nyongeza ya mshahara. Walichokitarajia hawakukipata. Kumbuka, msomaji, ya kwamba hakuna aliyesimama akatoa maneno ya kuwaudhi. Walichokutana nacho ni ukimya. Je, ukimya huweza kuchokoza? Kamusi hazisemi. Lakini mke ambaye amemsubiri mume atamke neno moja la shukrani na hakulitamka atakujibu upesi kuliko kamusi.

Na je, walichochewa? Ndiyo, kwa sharti moja: tukubali kitenzi pamoja na kuni zake. Ndani ya kambi lazima walikuwepo waliosema kwa sauti kuliko wengine, na kazi ya mahakama za kijeshi ilikuwa hasa kutenganisha waliotangulia na waliofuata. Lakini kusema walichochewa ni kukiri kwamba moto ulikuwa unawaka kabla ya yeyote kufungua mdomo. Mshahara mdogo ulikuwa kuni, na afisa Mwingereza katika nchi huru alikuwa kuni pia. Anayesema "walichochewa" akidhani amewaondolea askari sababu zao, kwa kweli amezithibitisha. Si ajabu kwamba leo chuo kinachowafunza Wakenya kuwa maofisa wa jeshi lao, Kenya Military Academy, kipo hapa hapa Lanet. Ile iliyokuwa moja ya kuni za 1964 iliondolewa mafigani na serikali yenyewe.

Sasa tutoke kambini tuingie mahakamani, kwa kuwa neno "uchochezi" halikubaki jeshini. Sheria yetu ya jinai iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni ilikuwa na makosa mawili tofauti. Moja lilikuwa kuichafua serikali kwa maneno au maandishi ili watu waichukie. La pili, lililomo katika kifungu cha 96, ni kuwahimiza watu wafanye vurugu au wavunje sheria. Kwa Kiingereza makosa hayo yana majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Kwa Kiswahili yote mawili tuliyaita uchochezi.

Matokeo yake tuliyaona baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, lililofanywa na askari wa Jeshi la Wanahewa. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa lile kosa la kwanza. Alifia gerezani mwaka 1988. Mwananchi aliyesikia kwamba kijana huyo amefungwa kwa "uchochezi" angeweza kudhani kwamba alikuwa amewatuma watu kuchoma nyumba. Kosa hilo la kwanza liliondolewa katika sheria za Kenya mwaka 1997, lakini kwenye lugha yetu jina lake bado linakaa nyumba moja na lile la pili. Mkosoaji wa serikali na mchoma nyumba za jirani wanaitwa kwa jina moja, mchochezi. Mwenye kufaidika na mkanganyiko huo si mkosoaji.

Kwa upande mwingine, sisi watu wa Nakuru hatuwezi kusema uchochezi ni jina la kubandikwa tu, halina kitu ndani. Mwishoni mwa Januari 2008, miaka 44 baada ya maasi ya Lanet, watu waliuana katika mitaa ya mji huu. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote kutokana na ghasia za baada ya uchaguzi. Kutokana na msiba huo Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ambayo kifungu chake cha 13 kinahusu matamshi ya chuki. Kitenzi kilichomo katika kifungu hicho ni kile cha chungu na mwiko. Sheria inamtazama anayekoroga chuki ya kikabila, na inataka mazingira yote ya usemi yaangaliwe. Picha hiyo ina hekima yake. Inakubali kwamba mashapo yapo, na kwamba yalikuwa yametulia.

Mnamo Aprili 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, tume iliyoundwa na sheria hiyo ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa. Mojawapo ni "madoadoa". Ukiwa Mombasa, madoadoa ni mapambo ya kitenge au ngozi ya chui. Ukiwa Molo au Burnt Forest, mbele ya watu waliofukuzwa kwenye mashamba yao mwaka 1992 na tena 2007, neno hilo lina maana ya jirani ambaye hatakiwi. Naelewa nia ya tume, na siidharau. Lakini orodha ya maneno inakamata kijiti ikamwacha aliyekishika. Neno peke yake halichochei. Huchochea likiwa ndani ya sentensi, likitamkwa na mtu fulani, mbele ya watu fulani, mahali ambapo kuni zimekauka. Hapa Bonde la Ufa kuni hizo zina jina, nalo ni ardhi. Ukipiga marufuku madoadoa na swali la ardhi ukaliacha pale pale, wenye nia mbaya watatafuta neno lingine kabla ya jua kutua.

Kwa hivyo nawaomba waandishi wa habari, wanafunzi wa historia na yeyote anayeandika ripoti za vurugu wajiulize maswali matatu kabla ya kuandika kitenzi. Kwanza, ni nani aliyefanya? Kauli ya kutendwa ni tamu kwa sababu inaruhusu mtenda kufichwa. "Walichochewa" bila "na nani" ni shtaka lisilo na mshtakiwa, na mara nyingi hutumika kuwafanya watu wazima waonekane kama watoto wasiojua wanachotaka. Pili, hasira ilielekea kwa nani? Ikiwa ilimrudia mtenda mwenyewe, andika alichokoza. Ikiwa alijificha kati ya wawili, andika alifitini. Tatu, kuni zilikuwa nini? Ukijibu hili la tatu ndipo utakuwa na haki ya kuandika alichochea. Kama huoni kuni popote, basi huenda unamzungumzia mtu aliyewasha moto, na huyo ana kitenzi chake.

Ile sentensi ya wanafunzi wangu, basi, ningeiandika hivi: "Mnamo tarehe 24 Januari 1964 askari wa Bataliani ya 11 walioko Lanet, waliokuwa wamechoshwa na mishahara midogo na kuongozwa na maofisa Waingereza katika nchi huru, waliasi baada ya kutosikia ahadi waliyoitarajia." Ni ndefu zaidi, nakubali. Lakini kila aliyehusika amepewa tendo lake, na askari wenyewe wamerudishiwa sababu zao.